Unatafuta printa ya biashara? Anzia kwa wino

Watu hapa Kondele, Kisumu, huniuliza wanunue printa gani ya kuanzia, na wengi wakiuliza washaona moja ya bei rahisi supamaketi, wanangoja tu niseme sawa. Siwezi sema sawa kama sijajua wateja wako wanaleta kazi gani. Kama ni mitihani ya shule na fomu za maandishi meusi, achana na ya wino kabisa, tafuta leza, hiyo hutumia tona badala ya wino, na tona ni unga, haikauki hata ukifunga duka Krismasi yote. Ya wino ni ya kazi za rangi: picha za pasipoti, picha za homuwaki za watoto, na huku kwetu ile inayojaza duka Alhamisi na Ijumaa, programu za mazishi.

Sasa hizo za bei rahisi karibu zote ni za katriji, yaani kile kikopo cha wino unachotoa kikiisha na kuweka kingine. Katriji nyeusi ya HP 123, ile ya kawaida, kampuni yenyewe inakadiria kurasa kama 120, na hapo wanahesabu ukurasa wenye maandishi kidogo sio wenye picha ya marehemu nusu karatasi. Chupa ya wino mweusi ya Epson 103, mililita 65, ile unamimina kwa printa ya tangi, inakadiriwa kurasa 4,500. Uliza bei ya zote mbili dukani ugawanye kwa hizo kurasa na simu yako pale pale kaunta. Printa ya tangi, iwe Epson EcoTank, Canon za G ama HP Smart Tank, itakuuma siku ya kuinunua lakini kwa mtu anachapa kila siku mimi sioni mjadala.

Kitu wauzaji hawakuambii ni kwamba wino mweusi si wote sawa. Hiyo 103 rangi yake imeyeyuka kwa maji, ikiguswa na maji inatanda, lakini Canon nyingi za G na HP za tangi mweusi wake ni wa pigmenti, yaani chembe zinazokaa juu ya karatasi. Mwambie muuzaji achape mstari mmoja kwa karatasi ya kawaida, ngoja ukauke, lowesha kidole upitishe juu. Programu ya mazishi inashikwa na mikono ya jasho juani, na mvua ya jioni ya Kisumu haingoji mahubiri yaishe. Picha za glosi ni hadithi nyingine, hapo huo wa kuyeyuka unatoka poa sana.

Halafu spidi. Epson L3250 ambayo iko kwa saiba nyingi inatoa kama kurasa 5 za rangi kwa dakika, ukisikia 5 unaona ni sawa tu. Sasa familia imekuja na oda ya programu 200, kila moja karatasi mbili za A4 pande zote mbili. Hizo ni pande 800, dakika 160, na hujahesabu kugeuza karatasi kwa mkono kwa sababu haina ya kujigeuzia, na mwili unatoka mochari kesho asubuhi. Kama hiyo ndiyo kazi yako ongeza pesa upate inayogeuza yenyewe, ama ununue mbili ndogo, mimi napendelea mbili maana moja ikigoma mteja haendi kwa jirani.

Uliza pia wino taka unaenda wapi. Kila ukisafisha hedi, ile sehemu inayorushia wino kwa karatasi, kuna wino unamwagwa kwa sponji ndani ya mashine, na sponji ikihesabiwa imejaa printa inajifunga hata kama wino uko tele. Zingine zina kisanduku unatoa na kuweka kipya mwenyewe, zingine lazima fundi afungue. Mimi kwa hii siwezi nyamaza, chukua ya kisanduku ukiweza.

Ukishanunua, chapa ukurasa wa rangi hata kama hakuna kazi, hedi isikauke. Izime kwa batani yake, usichomoe soketi, kwa sababu ukiizima vizuri hedi inarudi kwa kifuniko chake. Stima ikipotea katikati ya kazi hedi inabaki wazi, kwa hivyo ikirudi washa uiache itulie kabla hujafunga duka. Na ukiipeleka kwa fundi na boda usiilaze ubavu, wino utaingia mahali haufai na waranti hutasikizwa.