Jibu: Mweusi wa kwanza ligi kuu ya besiboli Marekani, Robinson au Walker?

Habari mkuu. Naona umekwama kwa sababu kitabu kimoja kinakupa Jackie Robinson, 1947, na kingine Moses Fleetwood Walker, 1884.

Kwa wachezaji wa enzi hizo mimi huanza kuangalia ligi, siyo jina. Toledo, timu ya Walker, iliingia ligi ya American Association mwaka 1884, nayo inahesabiwa ligi kuu. Basi Walker ndiye aliyetangulia. Robinson alivunja ubaguzi uliokuja kukaza baada ya Walker.

Walker alikuwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji: mechi 42, wastani wa kupiga .263 (kama mapigo 26 yaliyofaulu kwa kila 100). Si haba, maana mrushaji wake mwenyewe, Tony Mullane, alikuja kukiri kwamba alikuwa akizipuuza ishara za Walker za kumwelekeza mpira gani arushe, kisa rangi tu! Majeraha yakamwandama, wakamwacha kabla msimu haujaisha. Mdogo wake Weldy aliambulia mechi 5.

Ila usishangae ukikutana na William Edward White: mechi 1 tu, timu ya Providence, 21 Juni 1879, kabla ya Walker. Mama yake alikuwa mtumwa Georgia, lakini yeye aliishi kama Mzungu. Kwa hiyo kwenye insha yako mwite Walker "wa kwanza kucheza akijulikana waziwazi kuwa Mweusi".