Re: Mababu Wajerumani wa mume wangu hawapo kwenye listi za meli

Dada, umesema akina Carpenter wa Pennsylvania, ukoo wa mumeo, wanaambiwa ni Wajerumani waliofika miaka ya 1750 ila kwenye listi za meli huwaoni. Kwanza jaribu Zimmermann, ndo Kijerumani cha Carpenter (seremala), maana wengi majina yaligeuzwa Kiingereza, Schneider akawa Snyder au Taylor, Müller akawa Miller, na karani Mwingereza aliandika tu vile alivyosikia.

Zile listi za meli za bandari ya Philadelphia zinaanza 1727 na waliokula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza ni wanaume wa miaka 16 kwenda juu, kwa hiyo wanawake na watoto usitegemee sana kuwakuta. Halafu kinachopoteza watu wengi ni Johann, unakuta nyumba moja kuna Johann Georg, Johann Peter, Johann Jacob, wote Johann, lakini mtu anaitwa kwa lile jina la pili, so kama kwenye ukoo wenu kuna George, anaweza kuwa ndo Johann Georg.

Mimi ningeanzia hukohuko Marekani, sio Ujerumani. Tafuta wosia, hati za ardhi, na rejista za ubatizo za makanisa ya Kilutheri na Reformed (Waprotestanti wa mkondo wa Calvin), na hapo waangalie sana wazazi wa ubatizo, mara nyingi ni ndugu au watu waliotoka nao kijiji kimoja. Tovuti ya rekodi za koo ya FamilySearch ni bure, anza nayo. Ukishapata jina la kijiji ndo uingie Archion, tovuti ya Kijerumani ya kulipia, usome vitabu vya kanisa la kule. Na tafadhali sana usikopi mti wa ukoo wa mtu mtandaoni kama hauna rekodi nyuma yake.