Mgeni wako hakukusudia kumvunjia babu heshima

Dada yangu wa Wete, Pemba, nimekuelewa. Mwenzako wa kazini kutoka Ujerumani alimnyooshea babu mkono, akamtazama usoni, akaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo, na sasa nyumba nzima imenuna. Pole sana.

Nimepokea wageni hapa Jambiani, Unguja, miaka mingi. Kwa Wajerumani kupeana mkono, hata mwanamke na mwanamume, ndiyo heshima yenyewe, na anayekwepa macho hudhaniwa anaficha jambo. Kwetu mbele ya mzee macho hushushwa, na wengi hawapeani mkono na mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu wao, yaani jamaa wa karibu wasioweza kuoana naye, wala mume au mke wao.

Anza na babu, peke yako. Mwamkie, kaa mkekani, mwache aseme yote. Usikimbilie kumtetea mgeni. Mzee akishasikilizwa hupoa.

Kisha mfunze mwenzako: mkono kifuani badala ya kuunyoosha, viatu mlangoni, kula kwa mkono wa kulia. Hodi mara tatu, na asipojibiwa arudi alikotoka. La salamu ndilo zito zaidi, mkazie hilo. Aulizie kwanza usiku ulivyopita, watoto, mgonjwa kama yupo, ndipo ataje lililomleta. Nimeona wageni wakisamehewa mengi kwa sababu tu walijua kusalimia.

Kama alipiga picha za watu wa nyumbani bila ruhusa na kuzirusha mtandaoni, azifute leo hii. Na babu akiendelea kukataa kusamehe, usimlazimishe. Mtume ami yako au mzee anayemsikiliza akazungumze naye.