Macho Mekundu ya Moshi

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Rafiki yangu ametunga tarbia (shairi lenye mishororo, yaani mistari, minne kila ubeti) kuhusu ajuza anayeitwa mchawi. Mshororo wa kwanza: "Macho mekundu ya moshi, wakasema ni mchawi." Wa mwisho: "Nyumba imebaki jivu, jina halijatamkwa." Wenzangu wanasema dhamira ni ushirikina. Mimi sikubali. – Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Uko sahihi, mwanangu. Anza na "ya moshi". Mtunzi ametupa chanzo cha wekundu kabla umati haujafungua kinywa: ni moshi wa jikoni. Marehemu nyanya yangu kule Kisii alikuwa na macho hayo hayo, kwa kupikia kuni mbichi za mkaratusi miaka nenda miaka rudi. Nikisoma mshororo huo namwona ameinama, akipuliza moto kwenye mafiga.

Kisha tazama "wakasema". Ni akina nani? Hatuambiwi, wamejificha nyuma ya "wa-". Mizani, yaani idadi ya silabi, ni 8 kwa 8: ukweli uko kwenye ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), uzushi kwenye utao (nusu ya pili). Moshi na jivu navyo viko ukwapini, upande wa yale yanayoonekana kwa macho.

Jambo hili si la kubuni. Mei 2008, watu 11 waliteketezwa Kisii kwa tuhuma za uchawi, ilhali Sheria ya Uchawi ya 1925 humtia hatiani hata anayemwita jirani mchawi ovyo.

Dhamira, basi, ni dhuluma kwa wazee. "Jina halijatamkwa" ndipo panaponiuma zaidi. Mwombe rafiki yako aongeze ubeti mmoja, amtaje.