Grafu ya T² na L: kila nukta na uzito wake

Kwenye jaribio la pendulamu la kutafuta g (mchapuko wa mvuto), unapima T, muda wa bembeo moja, kwa kila urefu L, halafu unachora T² dhidi ya L. Wengi hupima vizuri halafu wanaharibu kwenye grafu. Mstari unachorwa kwa macho, au Excel inaachiwa ichore yenyewe, na nukta zote zinahesabiwa sawa. Haziko sawa.

Tuseme unapima mabembeo 20 kwa kila urefu, sm 20, 40, 60, 80 na 100, na kidole chako kwenye saa kinakosea kama sekunde 0.2. Kosa la T ni sekunde 0.01 kila mahali. Ila unachochora ni T², ambayo kosa lake ni 2T × 0.01: kwa sm 20 ni 0.018, kwa sm 100 ni 0.040. Uzito wa nukta ni w = 1/kosa², kwa hiyo nukta ya sm 20 inabeba mara tano ya ile ya sm 100.

Hapa x ni L kwa mita na y ni T². Andaa safu za w, wx, wy, wx² na wxy, ujumlishe kila moja: S, Sx, Sy, Sxx, Sxy. Kisha:

D = S·Sxx − Sx²
mteremko m = (S·Sxy − Sx·Sy)/D, kosa lake √(S/D)
kikatizo (mahali mstari unapokata mhimili wa T²) c = (Sxx·Sy − Sx·Sxy)/D, kosa lake √(Sxx/D)

Kwa kuwa g = 4π²/m, asilimia ya kosa haibadiliki: m = 4.040 ± 0.044 inatoa g = 9.77 ± 0.11.

Usilazimishe mstari upite sifuri. Ukipima uzi bila kuongeza nusu kipenyo cha tufe, tuseme sm 1.5, mteremko haubadiliki hata kidogo. C ndiyo inayopanda hadi 0.06, wakati kosa lake ni 0.023 tu. Ukilazimisha sifuri, hitilafu hiyo inahamia kwenye g.

Halafu jumlisha ((y − mx − c)/kosa)². Kwa nukta tano tarajia kama 3. Ukipata 20, makosa umeyapunja au tufe lilibembea kwa pembe kubwa zinazotofautiana kati ya urefu na urefu (baki chini ya 10°). Ukipata 0.1, umeyakuza. Mstari kugusa vijiti vya makosa vyote, peke yake, si dalili ya tatizo kwa nukta tano.

Hesabu hii haikamati kila kitu. Anayeachia tufe akisema “moja” badala ya “sifuri” amepima mabembeo 19 na kugawanya kwa 20. Mstari wake utanyooka, c itakuwa karibu na sifuri, na g itatoka 10.8.