Betri ya karavani kufa ikiwa stoo

Kaka, umeuliza kwa nini betri ya karavani yako (nyumba ya kuvutwa na gari) unaikuta imekufa kila mwezi wa 3, na ulizima kila kitu Oktoba. Hukuzima kila kitu. Swichi kuu mara nyingi inakata taa na pampu ya maji tu. Alamu na traka (kifaa cha kuonyesha karavani iko wapi) vimeungwa moja kwa moja kwenye betri na vinaendelea kunyonya.

Piga hesabu. Vikila miliampea 50 tu, ni ampea-saa (kipimo cha chaji ya betri) 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Betri ya ampea-saa 110 inaona mwaka mpya ikiwa hoi. Na betri ya asidi ikikaa tupu, sahani zake za ndani zinashika ukoko wa salfeti. Hata ukiichaji hairudi ilivyokuwa. Halafu kwa baridi ya huku Uingereza, betri tupu inaweza kuganda hadi ikapasuka.

Mimi naichomoa. Waya wa hasi kwanza, halafu chanya, naibeba hadi gereji ya nyumbani (chunga mgongo, ni mzigo ule). Usiiweke chumbani, ikichajiwa inatoa gesi. Kila baada ya wiki nne hivi naipima kwa mita ya volti: volti 12.7 imejaa, ikifika 12.4 naichaji.

Ila kama bima yako inadai traka iwe hewani, waulize kabla ya kuchomoa. Hapo sola ndogo yenye chaja kontrola (kifaa cha kudhibiti chaji) itakusaidia, mradi karavani haijaegeshwa ndani ya banda.