Darasa la mapishi Chiang Mai: nenda, ila la asubuhi

Dada, umeuliza kama inafaa kulipia darasa la mapishi huko Chiang Mai wakati una siku nne tu Thailand. Nenda, ila chagua lile la asubuhi, linaloanzia sokoni. Pale ndipo utaonyeshwa galangal, ndugu yake tangawizi lakini mgumu zaidi kukata, na kapi, yaani uduvi uliosagwa na chumvi ukachachushwa. Harufu yake, we acha tu!

Kisha mtatwanga viungo vya kari ya kijani kwenye kinu cha jiwe. Mkono utauma, na mwalimu atakwambia bado. Tui la nazi na mchaichai havitakusumbua, sisi wa pwani tumekua navyo. Kilichonishinda mimi ni kusawazisha chumvi, sukari, ndimu na pilipili; wapishi wa huko huonja kila hatua, mimi nilizoea kuonja mwishoni.

Kama huli nguruwe, sema unapoweka nafasi, usingoje mfike jikoni. Na usinywe chai nzito hotelini asubuhi hiyo, maana mlichopika mnakila wenyewe, na si chakula kimoja.